Moshi wa ekzosi ndani ya gari la zamani: unatoka wapi na unaingilia wapi

Ukishuka kwenye gari lako la zamani baada ya safari ya saa moja, nguo zinanuka moshi, macho yanawasha na kichwa kinagonga, usikubali kuambiwa kwamba ndivyo magari ya zamani yalivyo. Lilipotoka kiwandani gari hilo halikuwa likiwafukiza abiria. Kuna mpira uliokauka, kuna tundu lililoachwa wazi au kuna kiungo kinachovuja, na vyote hivyo vinatafutika na vinatengenezeka kwa zana za kawaida.

Kabla ya kushika spana, elewa kitu kimoja. Harufu unayoisikia siyo inayoua. Inayoua ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hata kiasi kidogo, kikivutwa kwa muda, kinaizibia oksijeni nafasi yake. Huanza na maumivu ya kichwa, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, na usingizi. Dereva anayesinzia kwa sababu hiyo hajui kwamba anasinzia. Harufu inakusaidia kama mjumbe tu, na mjumbe huyo haaminiki: pua inazoea baada ya dakika chache, wewe unadhani hewa imesafika, kumbe gesi ipo palepale.

Gari la kabureta lisilo na masega kwenye ekzosi (kile kifaa cha kusafisha moshi) hutoa gesi hiyo kwa wingi sana. Huko Uingereza, gari la petroli lililoanza kutumika kati ya Agosti 1975 na Julai 1986 hufaulu ukaguzi likiwa na hadi asilimia 4.5 ya kaboni monoksidi kwenye moshi wake. Hizo ni sehemu 45,000 katika kila milioni. Sasa linganisha: taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inahesabu sehemu 1,200 katika milioni kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Huhitaji ekzosi iliyokatika katikati ili udhurike. Upenyo unaoingiza kidole kimoja unatosha.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha namba za kaboni monoksidi kuanzia chini kabisa. King'ora cha nyumbani hakifai kwa kazi hii. Vingi vimetengenezwa visubiri, na kwenye kiwango cha sehemu 70 vinaweza kunyamaza saa nzima au zaidi kabla ya kulia. Na mtu akipatwa na dalili nilizotaja akiwa garini, simamisha gari, zima injini, toeni watu wote nje, kisha mpelekeni hospitali na mwambieni daktari wazi kwamba amevuta moshi wa gari. Kile kifaa cha kubana kwenye kidole cha kupimia oksijeni hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba gesi hii na damu iliyobeba oksijeni, kwa hiyo namba yake inaweza kuonekana nzuri wakati mgonjwa ana hali mbaya. Inatakiwa damu yenyewe ipimwe.

Gari linavuta

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya. Watu wanatafuta mahali moshi unapotoka, wanasahau kuuliza unaingilia wapi na ni nini kinachouvuta.

Gari likiwa mwendoni linaipasua hewa mbele, na hewa hiyo haizibi papo hapo nyuma. Mgongoni mwa gari hubaki eneo lenye presha ndogo, hewa inazunguka humo kama maji yanavyozunguka nyuma ya mashua. Bomba la ekzosi linamwaga moshi humo humo. Moshi hauachwi barabarani kama unavyodhani, sehemu yake inaandamana na gari. Gari lenye mgongo wima kama stesheni wagoni ndilo linaloteseka zaidi, kwa sababu eneo hilo ni kubwa na mlango mzima wa nyuma umelala ndani yake.

Sasa fungua kioo cha mlango, au kile kioo kidogo cha pembetatu cha mbele. Upepo unaopita pembeni unainyonya hewa ya ndani, presha ya kabini inashuka, na gari linaanza kujijaza kupitia upenyo wowote uliopo nyuma: mpira wa buti, taa, matundu ya nyaya. Ndiyo maana mtu anafungua vioo ili moshi utoke na moshi unazidi kuingia. Nimekutana na wenye magari waliobadilisha ekzosi yote, kuanzia kwenye injini hadi ncha ya mwisho, na harufu ikabaki vilevile. Ekzosi yao haikuwa na kosa lolote.

Hakikisha kwanza ni moshi wa ekzosi

Petroli mbichi hunuka kali na baridi, na mara nyingi husikika hata injini ikiwa imezimwa. Hapo angalia mpira unaounganisha mdomo wa kujazia mafuta na tangi, bomba la kupumulia la tangi, na gasketi ya geji ya mafuta juu ya tangi. Katika magari mengi ya zamani vitu hivi vimo ndani ya buti. Oili inayoungua hunuka nzito, inakwaruza koo, na chanzo chake cha kawaida ni gasketi ya kava ya vali inayodondosha oili juu ya manifoldi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, likiwa na moto. Harufu tamutamu pamoja na ukungu usiofutika kwenye kioo cha mbele ni maji ya rejeta yanayovuja kwenye hita. Kila moja ina dawa yake. Ila usitumie pua kuamua kwamba kaboni monoksidi haipo. Washa kipimo.

Harufu inakuja gari likiwa limesimama

Mwendo haupo, kwa hiyo ule mvuto wa nyuma haupo. Moshi unatoka karibu nawe: kwenye manifoldi, kwenye flanji inayounganisha manifoldi na bomba linaloshuka, au mahali popote chini ya sakafu.

Fanya kazi hii injini ikiwa imelala usiku kucha. Washa, na usikilize dakika mbili za kwanza. Manifoldi inayovuja hugonga tik-tik-tik ikifuatana na mzunguko wa injini, na mara nyingi mlio hupotea chuma kikipata moto kwa sababu kinatanuka na kuziba ufa. Wengi wanaposikia mlio umepotea wanadhani tatizo limekwisha. Chukua mpira mrefu wa kipenyo cha kidole, ncha moja iweke karibu na sikio, ncha nyingine ipitishe polepole kwenye kila kiungo. Mahali panapovuja utapasikia kama mtu anayekupulizia sikioni. Angalia pia masizi: uvujaji wa siku nyingi huacha alama nyeusi au ya kijivu iliyosambaa kama unyoya kutoka kwenye kiungo.

Kama huoni wala husikii, kuna njia ninayoiamini kuliko zote. Injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa, chukua mashine ya kufyonza vumbi inayoweza kupuliza, elekeza mpira wake kwenye ncha ya ekzosi na uzibe pembeni kwa tambara. Ipulize. Kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo kuanzia nyuma hadi kwenye kichwa cha silinda. Povu litakuonyesha. Kitundu kidogo kilichotobolewa kwa makusudi chini ya sailensa, cha kutolea maji, kitatoa povu pia. Hicho kiache, hakikuletei matatizo unayoyatafuta.

Gasketi ya manifoldi ikiwa imeungua, usibadilishe gasketi peke yake. Fungua manifoldi, safisha uso wake, laza rula ya chuma iliyonyooka juu yake na upitishe fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, chini ya rula. Manifoldi ndefu za injini za silinda sita hupinda, na ukifunga gasketi mpya juu ya uso uliopinda utarudi kazini baada ya wiki chache. Ipeleke ikasawazishwe kwa mashine. Manifoldi ya chuma cha kumimina ikiwa na ufa, kuichomelea kunahitaji kupashwa moto kwanza na vijiti vya nikeli, la sivyo ufa mwingine utafunguka pembeni ya ule wa kwanza. Kagua na bolti. Ile ya mwishoni kabisa mara nyingi imekatika na mtu aliyetangulia aliiacha hivyo. Baada ya kufunga, endesha gari lipate moto, liache lipoe, kisha kaza tena. Rudia mara mbili.

Kuna chanzo kingine cha harufu ya gari lililosimama ambacho vijana wengi hawakijui. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 mara nyingi hayana vali ya kuvuta mvuke wa injini na kuurudisha ukaungue. Yana bomba tupu linaloning'inia ubavuni mwa injini kuelekea chini, na linategemea upepo wa gari likiwa mwendoni ili kunyonya mvuke. Ukikaa kwenye foleni upepo huo haupo. Mvuke wa oili unajikusanya chini ya gari na kupanda kupitia sakafu. Kiasi kidogo ni kawaida. Lakini ukiona linapuliza kama birika, ringi za pistoni zimechoka, na hapo hakuna mpira wala gasketi itakayokusaidia hadi injini ifunguliwe.

Harufu inakuja ukiwa mwendoni, hasa vioo vikiwa wazi

Hapa ni nyuma. Niliwahi kuhangaika na stesheni wagoni ya miaka ya 1960 kwa miezi kadhaa. Nilibadilisha sailensa, nikabadilisha gasketi ya flanji, nikabadilisha mpira wa mlango wa nyuma. Kipimo kilikuwa kinasoma sifuri gari likiwa limesimama, na kwenye mwendo kinapanda hadi 28, wakati mwingine zaidi. Usiku mmoja niliweka taa yenye mwanga mkali sehemu ya mizigo, nikafunga milango yote na kulizunguka gari gizani. Chini ya taa ya nyuma ya kushoto kulikuwa na mstari wa mwanga mwembamba kama uzi. Nilipoifungua taa, gasketi yake ilibaki mkononi vipande vipande kama biskuti. Ndani ya bakuli la taa kulikuwa na masizi yaliyojichora kama ulimi, ncha yake imeelekea ndani ya gari. Njia ya moshi ilikuwa imejiandika yenyewe. Nilikata gasketi mpya kutoka kwenye karatasi ya mpira laini wa povu, nikafunga taa zote mbili, na safari iliyofuata kipimo hakikuvuka 2.

Kwa hiyo anza na jaribio la taa gizani. Halikugharimu kitu. Kisha endelea hivi.

Mpira wa buti au wa mlango wa nyuma: kata ukanda wa karatasi, uweke juu ya mpira, funga, halafu uvute. Karatasi ikishikwa vizuri, sawa. Ikitoka bila upinzani, hapo mpira haugusi. Fanya hivyo kila sentimita kumi kuzunguka mlango mzima. Mpira mpya hautoshi ikiwa bawaba zimelegea au kitasa hakivuti mlango hadi mwisho. Rekebisha kitasa kwanza, kisha ndipo ulaumu mpira.

Matundu ya sakafu ya buti: viwanda viliacha matundu ya kutolea maji na rangi, yakazibwa kwa vizibo vya mpira. Baada ya miaka 50 vizibo hivyo vimeanguka. Inua zulia, inua gurudumu la akiba, na hesabu matundu yote. Angalia pia mahali nyaya zinapopita, bolti za bampa, na kuzunguka shingo ya kujazia mafuta. Kutu ikiwa imekula chuma, chomelea bati. Usipake silikoni juu ya kutu, itabanduka na utadhani umeziba kumbe hujaziba.

Ukuta kati ya buti na kiti cha nyuma katika magari mengi ya zamani ni kadibodi tupu. Hata ukiziba buti kadiri uwezavyo, ukuta huo ukizibwa nao kwa bati jembamba au ubao uliofungwa vizuri, unakuwa na kinga ya pili. Mimi hufanya vyote viwili.

Kisha tazama ncha ya ekzosi. Inatakiwa ipite nyuma ya bampa, isiishie chini yake. Bomba lililokatwa fupi, au lililowekewa pambo linaloinamisha moshi chini, linaumwaga moshi chini ya tumbo la gari ambako kila tundu la sakafu linauvuta. Kurefusha bomba sentimita chache tu, au kuligeuza lielekee pembeni kwenye stesheni wagoni, kumemaliza matatizo ambayo watu walihangaika nayo kwa miaka. Jaribu kwanza kwa kipande cha bomba kilichobanwa kwa klipu kabla ya kuchomelea chochote.

Ukitaka kuuona upepo kwa macho yako, bandika vipande vya uzi wa sufu kuzunguka mlango wa nyuma na taa, kisha mwombe mtu akufuate kwa gari lingine na kupiga video. Nyuzi zinazolala kuelekea mbele, au zinazonyonywa kwenye mwanya, zinakuonyesha mahali pa kufanyia kazi.

Gari la turubai lina shida yake: turubai likiwa limefungwa na vioo vya pembeni viko wazi, kioo cha nyuma cha plastiki chenye zipu huvuta moshi moja kwa moja. Funga vioo vya pembeni, au shusha turubai kabisa.

Harufu inakuja ukiwasha hita au feni

Hita huchukua hewa kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Kati ya matundu hayo na injini kuna mpira unaopita upande wa nyuma wa boneti. Mpira huo ukiwa umekwisha, hewa ya injini, pamoja na uvujaji wowote wa manifoldi, inaingia kwenye hita na kutoka miguuni pako. Badilisha mpira, na kagua gasketi ya sanduku la hita lenyewe.

Ukutani kati ya injini na kabini kuna matundu mengi kuliko unavyofikiri: nyaya, kebo ya spidi, mabomba ya hita, kebo ya klachi, mhimili wa usukani, pedali. Kaa ndani mchana, mtu amulike kwa tochi kutoka upande wa injini huku wewe umelala chini ya dashibodi. Kila mwanga unaouona ni tundu la kuzibwa. Usisahau mpira wa chini ya gia.

Magari yanayopozwa kwa hewa, kama Volkswagen Beetle, yanahitaji tahadhari ya pekee. Hita yake haina maji. Hewa inapitishwa kuzunguka mabomba ya ekzosi yaliyomo ndani ya maboksi ya kubadilishia joto, kisha inaletwa kabini. Boksi likitoboka kwa kutu ndani, moshi unakuja moja kwa moja kwa abiria, tena ukiwa na moto. Hakuna kiraka cha uhakika kwa boksi lililooza ndani. Libadilishe, na hadi utakapolibadilisha usiiwashe hita hata kwa dakika moja.

Harufu inakuja ukipanda mlima au ukiachia mafuta

Ukikanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, gesi inayopita pembeni ya pistoni huongezeka na kutafuta njia ya kutoka. Kagua bomba la kupumulia na vali yake. Ikiwa imeziba, mvuke unatoka kwenye kifuniko cha oili na kwenye kila gasketi. Ukiachia mafuta kwenye mteremko na kuona moshi wa buluu nyuma, oili inanyonywa kupitia miongozo ya vali.

Mchanganyiko wa mafuta

Kuziba matundu peke yake hakutoshi ikiwa injini inakula mafuta mengi kupita kiasi. Plagi nyeusi zenye masizi makavu, choki isiyorudi, boya la kabureta lililokaa juu, chujio la hewa lililojaa vumbi: kila kimoja kinapandisha kaboni monoksidi kwenye moshi. Panga kwanza plagi, taiming (wakati wa cheche kuwaka) na vali, ndipo urekebishe kabureta kwa kipimo cha moshi. Gari lililopangwa vizuri linakusamehe uvujaji mdogo. Lililopangwa vibaya halisamehi.

Jaribio la barabarani

Ukimaliza, usijaribu kwa pua. Washa kipimo nje kwenye hewa safi, kisome sifuri, kisha kiingize garini. Endesha dakika 20 vioo vikiwa vimefungwa, dakika 20 kioo cha dereva kikiwa wazi, dakika 20 hita ikiwaka, halafu kaa umesimama injini ikinguruma. Andika namba za kila hatua. Mimi sikubali gari linalokaa juu ya 9 kwa muda mrefu, na likifika 35 nasimama hapo hapo na kushuka. Kipimo kikiruka gari lingine linapokupita au ukiwa nyuma ya lori, hicho si chako, subiri kishuke.

Rudia safari hiyo hiyo kipimo kikiwa kiti cha nyuma, usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi. Namba ya hapo mara nyingi ni kubwa kuliko ya kwenye usukani, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi.